Inzi wa Mpima Udongo

Jumamosi asubuhi, duka la pembeni kwetu Nguvumali likiwa limejaa wanawake na vikopo vyao, jirani yangu mpima udongo alikuwa akija kununua sukari ya inzi. Angeweza kuomba sukari tu, akapimiwa, akaenda zake. Lakini alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale ambapo hakuna aliyeiuliza. Alisimama mbele ya watu wote, kofia yake imelala upande kidogo, akamwambia mwenye duka kwamba ile ya nyumbani aitie katika karatasi hii, na ya inzi katika karatasi hii nyingine, na hiyo ya inzi aiangalie vizuri isiwe na sisimizi. Kicheko kilipoanza huko nyuma, hakugeuka. Mama mmoja alimwuliza kama hao inzi wanakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Alimjibu kwa adabu kabisa kwamba chai hawaitaki. Wao ni maziwa matupu, tena ya asubuhi.

Hivyo ndivyo anavyonijia kwanza nikimkumbuka: mtu mfupi, mwenye vidole virefu kuliko vilivyompasa, amekumbatia vifurushi viwili vya sukari kama aliyepewa mapacha abebe, anavuka njia ya mchanga huku kicheko kikimsindikiza hadi mlangoni. Mlango wake na wangu ilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo na chokaa. Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ndogo ya shamba la mkonge, kwenye njia ya Muheza. Niliondoka mjini Jumatatu na kurudi Jumamosi, na kila niliporudi nilimkuta yeye kwanza, kisha ndiyo nikaukuta mji.

Kazi yake ilikuwa Raskazone, katika nyumba ya zamani yenye baraza pana iliyogeuzwa maabara. Miaka ile dawa mpya za unga zilikuwa zimeenea pwani yote. Zilipuliziwa nyumbani kuua mbu, zikanyunyizwa mashambani kuua wadudu, na watu walizipenda mno. Nimewaona kwa macho yangu watu wakizipaka kwenye nywele. Na kweli ziliua. Ila zilikuwa na tabia moja ambayo mwanzo hatukuijali: haziondoki. Dawa nyingine mvua ikinyesha zinakwenda na maji, jua likiwaka zinakufa. Hizi ziliingia udongoni zikakaa, msimu baada ya msimu, kama mgeni aliyeona nyumba imemfaa. Kazi ya jirani yangu ilikuwa kuzitoa humo udongoni na kusema zimebaki kiasi gani.

Nilipomwuliza mara ya kwanza anazitoaje, alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimewahi kumwona mama yangu akikamua nazi. Nikasema nimemwona.

"Basi unajua kazi yangu," akasema. "Udongo nao una tui lake."

Baadaye nilikwenda Raskazone nikayaona mwenyewe. Udongo ulianikwa kivulini juu ya karatasi, kwa sababu jua huiba sehemu ya dawa. Ukatwangwa polepole, ukachekechwa, ukapimwa kwenye mizani, kisha ukatiwa ndani ya mfuko mdogo wa karatasi nene ambao yeye aliuita kifumbu, kama kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu kikawekwa ndani ya chombo cha kioo. Chini yake palikuwa na chupa ya spiriti nyepesi, inayonuka kama petroli, nayo ilipashwa moto kwa maji yaliyochemshwa mbali, maana moto wenyewe usingethubutu kuisogelea. Spiriti ikapanda juu kwa mvuke, ikakutana na bomba la maji baridi, ikarudi tone kwa tone juu ya udongo, ikiukamua. Kioo kilipojaa, kilijimwaga chenyewe chini kwa mkupuo mmoja, kikaanza kujaa upya. Aliupenda sana mkupuo ule. Akiongea na mtu, kioo kikijimwaga, alikatiza maneno, akainua kidole, akasema, "Kimepumua," ndipo akaendelea.

Mwisho spiriti yote iliachwa iruke, kikabaki chini ya chupa kitu chembamba kama jasho kwenye paji la uso. Hicho ndicho kilichotafutwa. Na mwenye kukipima hakuwa binadamu. Alitia inzi humo, inzi wake aliowalea vizimbani kwa maziwa na sukari, wote wa rika moja na wenye afya, akafunika kwa kitambaa cha chandarua, akaondoka. Kesho yake wakiwa hai wanaruka, udongo ni safi. Wakiwa wamelala chali, miguu juu, si safi. Pembeni siku zote aliweka chupa nyingine, yenye tui la udongo alioutoa msituni mahali ambapo dawa haijawahi kufika. Inzi wa chupa hiyo walitakiwa waishi kwa hali yoyote. Wakifa hao, basi kosa liko maabara, halimo udongoni.

Mkubwa wake, Mzungu mwenye miguu mirefu na kicheko cha haraka, alikuwa pia na njia nyingine za kupima kwa maji yanayobadilika rangi, na njia zile zilikuwa nzuri. Wawili hao walikuwa wakishindana, rangi na inzi, na aliyeshindwa alimchemshia mwenzake kahawa. Sikumbuki nani alichemsha zaidi. Nakumbuka kwamba kahawa ya mpima udongo ilikuwa mbaya, na kwamba Mzungu aliinywa.

Inzi walimwingia hata ulimini. Neno lake la kila siku lilikuwa, "Tungoje inzi waseme." Ukimwuliza kama mvua itanyesha, tungoje inzi waseme. Kijana wa mtaa akitaka ushauri wa kuoa, tungoje inzi waseme. Sikuwahi kumsikia akisema "ndiyo" kamili, ndiyo yenye miguu miwili. Aliiogopa kama wengine wanavyoogopa kiapo. Mkewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupendeza, aliwaambia majirani kwamba hata siku ya ndoa yao kadhi alimwuliza mara mbili.

Tena, mtu huyu aliyepima udongo hadi chembe, nyumbani kwake alikuwa ovyo. Viatu vyake vilikaa kimoja uani, kingine chini ya kitanda. Kikombe cha chai alikisahau juu ya ukuta wetu, nikakinywea mimi. Na inzi wa nyumbani aliwaacha watembee juu ya mkate wake bila kuinua mkono. Mkewe akichukua upepeo kuwafukuza, mumewe husogeza sahani tu. Nilimwuliza kama anawahurumia. Akasema hapana, ila hao si wake, hajui umri wao, na hawezi kuingilia maisha ya watu asiowajua.

Kuna majuma aliyorudi nyumbani amenyong'onyea. Inzi wa chupa ya msituni, wale wasiotakiwa kufa, walikuwa wanakufa. Aliosha vyombo upya, akabadilisha spiriti, akauchoma moto udongo wa zamani na kuchukua mwingine. Walikufa vilevile. Siku moja akiwa amesimama mbele ya mizani alitia mkono mfukoni kutafuta leso, akautoa mweupe kwenye ncha za vidole. Kumbe mkewe alipata mkebe wa unga ule kutoka kwa wale waliopita kupuliza nyumba, akaunyunyiza ndani ya kasha la nguo ili mende wasile kanga zake, na mashati ya mumewe yalikaa humo humo, yakinuka udi na kubeba kifo cha inzi kila asubuhi mpaka Raskazone.

Hakugomba. Alikuja kwangu jioni ile na mashati yake ya kazi mikononi, akaniomba niyatundike chumbani mwangu, kwa kuwa mimi sina mke wala mende wa maana. Mkewe alisikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwalimu," akaita, "ukichukua mashati mchukue na mwenyewe. Mimi niachie kofia inatosha."

Tangu siku ile nilikaa na mashati ya kazi ya mpima udongo kwenye misumari yangu, na asubuhi za Jumatatu alipita kuvaa kwangu, tukaondoka pamoja, yeye Raskazone na mimi kituo cha basi.

Kikundi chetu cha vijana wapenda mashairi kilikutana Jumamosi jioni, tukasomeana tungo zetu. Alikuja mara kwa mara, akakaa karibu na mlango. Hakusifu wala hakukashifu, aliuliza maswali. Rafiki yetu mmoja alisoma shairi la mpenzi aliyelia hadi machozi yakajaza kisima. Mpima udongo alingoja beti ziishe, kisha akauliza kisima hicho kina kina gani. Tulicheka hadi taa ikatikisika, na mtunzi alinuna hadi mwezi uliofuata. Lakini ni mpima udongo huyo huyo aliyelia machozi ya kweli, mengi, siku bibi mmoja wa mtaani alipotuimbia wimbo mfupi wa kubembelezea mtoto ambao sote tuliujua tangu utotoni. Nilimsindikiza nyumbani akijifuta kwa mkono wa kanzu. Sikumwuliza kina chake.

Sasa nieleze habari ya bustani, kwa maana bila hiyo nitakuwa nimechora kofia na vidole tu.

Nyuma ya kambi ya wafanyakazi, kwenye shamba la mkonge nililofundisha, palikuwa na bustani ya wanawake. Waume zao walikata mkonge au walifanya kazi korona, yaani kiwandani kwenye mitambo ya kusaga majani yake. Wengi walikuja na mikataba kutoka mbali, wengine waliteremka kutoka milimani, Walutheri na Wakatoliki, kila nyumba na lugha yake. Bustani ndiyo iliyowaunganisha. Humo mlikuwa na mchicha, bamia, matembele na nyanya chungu, na mabishano ya mpaka kati ya tuta na tuta ambayo yaliendelea kwa Kiswahili cha kila aina. Kiongozi wao alikuwa Mama Yohana, mwanamke mrefu wa milimani, mwenye sauti ya kuongoza kwaya na mikono ya kuchimba kisima.

Shamba lilijenga ghala la dawa za wadudu pembeni mwa bustani hiyo. Mvua moja kubwa ikaangusha ukuta wa ghala, magunia yakapasuka, na maji yakaubeba unga hadi kwenye matuta. Kuku wakafa. Meneja akaizungushia bustani waya, akasema hakuna kupanda mpaka maabara iseme udongo umekuwa salama. Ikawa wanawake wanatembea hadi bondeni ng'ambo ya reli kulima vipande vya kuazima, watoto migongoni, na jioni wanarudi hawana nguvu hata za kugombana.

Mpima udongo alikuja, akachukua udongo, akaukamua. Inzi walikufa kabla ya sala ya adhuhuri. Mwaka uliofuata alikuja tena. Safari hii inzi walijikokota hadi jioni, lakini walikufa. Mara zote mbili angeweza kutuma majibu kwa karani wa shamba. Mara zote mbili alipanda basi akaenda kuwaambia wanawake yeye mwenyewe. Mara ya pili Mama Yohana alimwambia, "Baba, hao inzi wako ni wagonjwa. Wanakufa na chochote." Mtu mwingine angecheka. Yeye alirudi baadaye na chupa ya inzi wazima, akaipitisha mkono kwa mkono kambi nzima, wanawake wakahakikisha wenyewe kwamba wamenona.

Kisha meneja akachoka kungoja. Alitaka banda la malori, na mahali palipomfaa ni pale. Alisema udongo upimwe mara ya mwisho. Ukiwa mbaya, masika yakianza atakuwa ameshamwaga saruji. Karani akazipeleka habari kambini, na siku ambayo mpima angefika.

Alifika asubuhi tulivu. Nilikuwa darasani, nikasikia nyimbo. Wanawake walimpokea wakiwa na kanga zao za kanisani, wakamwimbia, wakampa kiti na maji ya kunywa kwenye bilauri pekee ya kambi. Na bustani ilikuwa inang'aa, hakuna jani wala kijiti, tambarare kama mkeka uliotandikwa. Alichukua udongo hapa na pale, akatia kwenye makopo yake, akaondoka akiwa amechangamka.

Inzi wakaishi.

Jumamosi ile alinipokea mlangoni kabla sijatua mzigo. Alikuwa amekwisha kupeleka majibu kwa mkubwa wake, na mkubwa wake kwa meneja. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika ujirani wetu, akatamka neno lenye miguu miwili. "Ndiyo, Mwalimu. Waambie wapande."

Nikawaambia. Vigelegele vilisikika hadi korona. Mama Yohana akatoa mbegu alizozifunga kwenye pembe ya kanga mwaka wote wa pili, akazimwaga kitandani kuzichambua.

Juma lililofuata nilirudi mjini na salamu zao, na baada ya salamu nikaongeza umbea wa kambi kama ilivyo desturi: nani kagombana na nani, nani kapata barua ya kwao, na kwamba yule kuku mwekundu wa Mama Yohana amekutwa amekufa kwenye jaa nyuma ya kanisa.

Akaweka kikombe chini. "Jaa hilo wanatupa nini?"

Nikasema taka. Majani, na udongo waliofagia.

"Waliofagia wapi?"

Nilimwona akilijua jibu kabla sijafungua kinywa. Alisimama, akavaa viatu, kimoja cha kwake na kimoja cha mkewe, akarudi kubadili, akaenda Raskazone kwa miguu nyumbani kwa mkubwa wake. Alimweleza kwamba majibu aliyoyatoa hana hakika nayo. Yule Mzungu alivua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akasema kwamba hata yeye alipoambiwa mahali palikuwa safi hakuuliza palisafishwaje. Akaandika barua kumwomba meneja asimamishe kila jambo, kupanda na kujenga pia.

Jumatatu tulipanda basi pamoja. Njia nzima mawingu yalikuwa yakijikusanya juu ya milima ya Usambara.

Mama Yohana alitupokea na jembe begani. Mpima udongo alimwamkia, akamwuliza taratibu walifanya nini siku ile kabla hajafika. Mama Yohana alijibu kwa fahari. Walijua anakuja mgeni wa kuamua mambo yao. Wangemkaribishaje kwenye magugu? Basi waliparura bustani yote kwa majembe, vidole viwili kwenda chini, kama wanavyofanya askofu anapokuja kubariki, wakafagia, wakanyunyiza maji, wakafagia tena, na taka zote wakazipeleka jaani.

Wanawake walikuwa wamesogea, na mmoja baada ya mwingine wakaona uso wa mpima.

"Dawa hii haiendi chini," akasema. "Inakaa juu juu. Ule udongo mlioutupa ndio niliokuja kuupima."

"Kwa hiyo," Mama Yohana akasema, na sauti yake ya kwaya ilikuwa imeshuka, "tumejiharibia kwa kukuheshimu?"

"Mlikuwa na haki ya kuniheshimu, mama. Mimi ndiye nilikuja kama mgeni nikasahau kuwa mpima. Niliona pamefagiwa nikafurahi, kumbe ningeuliza."

"Na sasa utasemaje kwa meneja?"

"Sasa sijui."

Nilidhani watamzomea. Mwanamke mmoja alianza kulia. Mwingine aliyekuwa nyuma, mcheshi wa kambi, akasema polepole kwamba wangejua hivyo wangempokea na uchafu mpaka magotini. Mpima udongo alijaribu kubana kicheko, kikamshinda. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo wenyewe, bila kujali nguo zake, na Mama Yohana, ambaye sekunde ile alikuwa na kila sababu ya kumpiga jembe, akacheka naye.

Kisha wakafanya kazi. Alichukua udongo wa jaa, wa juu ya bustani, wa chini zaidi, na wa pembezoni kwenye waya ambako majembe hayakufika. Kila kopo alilifunga mwenyewe. Alimwuliza Mama Yohana kila jembe lilipita wapi, naye akamwongoza hatua kwa hatua, akionyesha kwa kidole cha mguu.

Maabara ilikamua juma zima. Mkewe aliniambia kwamba alikula amesimama. Alikuwa anahofia mvua: ikinyesha kabla ya jibu, meneja angesema msimu umefika na saruji yake imengoja vya kutosha. Jibu lilipokuja lilikuwa la ajabu kwa uwazi wake. Inzi wa udongo wa jaa walianguka mara moja. Wa pembezoni walikufa pia. Wa bustani yenyewe, juu na chini, waliruka siku nzima, wakaruka na kesho yake, na rangi za yule Mzungu zikakubaliana nao. Wanawake walikuwa wameisafisha bustani kweli. Walichokosa ni kumaliza, na kujua taka ile waifiche wapi.

Kukachimbwa shimo refu mbali na kisima, jaa likazikwa humo, pembezoni pakaparurwa. Na ikabaki kupima mara moja tena, mbele ya meneja, ili kusiwe na maneno.

Siku hiyo niliwaacha wanafunzi wangu waangalie kutoka dirishani. Mama Yohana alikuwa amesimama mlangoni mwa bustani, mikono kiunoni, amepiga marufuku ufagio kambi nzima tangu pembezoni palipoparurwa. Maganda ya muhogo yalizagaa njiani. Majivu yalikuwa palepale yalipomwagwa. Wanawake walisimama na nguo za kazi, wameinamisha nyuso kwa aibu, maana hawakuwahi katika maisha yao kumpokea mgeni namna ile. Mmoja hakuvumilia, mpima alipokaribia kukanyaga ganda, aliinama kuliokota.

"Liache," Mama Yohana akasema. "Akanyage."

Akakanyaga. Akawashukuru mmoja mmoja kwa uchafu wao.

Inzi wakaishi. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu, akajenga banda lake upande wa reli, na waya ukakunjwa siku ambayo tone la kwanza la masika liligonga bati la shule.

Miaka ikapita. Nilihamishiwa shule nyingine, mpima udongo akastaafu, mashati yake yakarudi kwenye kasha la mkewe. Karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini nilikuwa napita Muheza, nikamwona kituoni akichagua machungwa, anayaleta karibu na pua kwa sababu macho yalikuwa yamepungua. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akasema marahaba, akanijua kwa sauti. Alikuwa anakwenda kambini. Kila mwaka baada ya masika wanawake walimwalika kula, akaniambia, na sasa alikuwa hana kisingizio cha kazi. Nikafuatana naye.

Bustani ilikuwa imefurika. Bamia zilikuwa zimepita kimo chake, na matembele yalikuwa yamevuka njia, yakigombana na matuta ya jirani kama wenye matuta. Mama Yohana, nywele zimeingia mvi, alimtandikia mkeka katikati, wakamletea ugali na mchicha uliopikwa kwa nazi, na kila mwanamke alisimama kuangalia kama atauliza chochote. Hakuuliza. Alikula, akaomba aongezewe.

Alipomaliza kunawa, akadhani hatumwangalii. Akatia vidole vyake virefu kwenye shina la bamia, akachota udongo kiganjani, akaunusa, akausugua kwa kidole gumba, na mkono ukaanza kwenda mfukoni wenyewe.

"Baba," Mama Yohana akasema.

Akasimamisha mkono.

"Huo ni wetu. Urudishe."

Akamtazama, akatutazama sote, akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akapiga magoti kwa taabu ya uzee, akaurudisha udongo pale alipoutoa, akaushindilia kwa kiganja kuzunguka shina mpaka ukalala sawa.